Pole Iliyoingia Kwenye Faili

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo asiende shule bila sweta.

Leo nimeitwa na watu wa bima inayonilinda kazini. Yule mama niliyemsafisha meno mwezi jana anadai nimemlegeza jino. Lilikuwa limelegea kabla sijaligusa, na niliandika hivyo kwenye faili lake. Ila alipolia nilimpa pole, nayo nikaiandika. Jana asubuhi walinipigia: eti kumpa mgonjwa pole ni kukiri kosa, huenda wasinitetee. Miaka kumi na miwili nakwangua ugaga kwenye meno ya watu, leo utu wangu ndio ushahidi.

Nilipokusimulia jana usiku ukacheka, mpaka ukajigonga kidole kwenye mguu wa meza.

Nimeona kimevimba. ~~Pole sana.~~ Barafu iko kwenye friji.

Mama watoto