Ukuta wa Mama Usipakwe Chokaa

Bariadi

Kaka Bakari,

"Ukuta ule ni udongo tu, Hawa, na mama hatarudi kwa sababu yake." Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu, ukakata. Najibu hilo kwanza, maana siwezi kukuuliza hali ya mgongo wako huku nimekunja ngumi.

Udongo tu? Na kaburi la mama ni nini? Mbona hilo hulisawazishi ukapanda mihogo?

Haya, mgongo unaendeleaje? Dada Mwanaidi ameshapona malaria? Mimi mwili ni mzima.

Kiangazi hiki nimezungusha picha zangu: ukumbini hapa Bariadi, barazani kwenye ofisi moja Lagangabilili, mwisho ghala tupu la pamba kule Shishiyu. Nyingi ni za ng'ombe niliowachora mnadani Sapiwi, kabla ya ukame. Shishiyu aliingia mfugaji mmoja, mzee Masanja, akasimama mbele ya ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe. Hakunisalimu.

"Mayu, huyu ni wangu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ila pembe ya kushoto ilikuwa imelala. Wewe umeisimamisha."

Akaeleza kwamba siku ile alimpeleka kumuuza, akamwonea huruma, akarudi naye nyumbani. Ukame ukamuua. Mama wa ng'ombe huyo aliletwa katika mahari ya dada wa mzee, na dada naye hayupo. Nikachukua brashi, nikailaza pembe watu wakitazama. Mzee akakaa juu ya gunia mpaka rangi ikakauka.

"Nilikuwa nimeanza kumsahau," akaniambia.

Kaka, nililia mbele ya watu wa Shishiyu. Maana kazi yangu mpya ya kiangazi hiki ni kuuchora ukuta wa mama. Nimeuanza mara nane. Naweka ile mistari ya udongo mwekundu aliyoivuta kwa vidole, naweka duara nyeupe, nikifika chini ya dirisha nakwama. Ni majani au ni samaki? Sijui. Mmoja niliutundika hapa Bariadi bila kuumaliza, afisa mmoja akanitania, "Mwalimu, umeishiwa rangi?" Nilimjibu vibaya, lakini alikuwa ameona sawasawa.

Nilifika nyumbani Newala mama ameshazikwa. Siku tatu za matanga niliuegemea ukuta ule kwa mgongo. Sikugeuka hata mara moja kuutazama.

Nisalimie shangazi aliyetulea pamoja na mama, na mjomba Hamisi fundi baiskeli. Huyo mpangaji anayetaka nyumba nyeupe simjui, simchukii. Mwambie asubiri.

Sasa nasema nanyi wawili, wenye nyumba pamoja nami. Dada Mwanaidi, toa ile ndoo ya chokaa barazani, kaifiche kwako. Na wewe kaka, kabla hujanipigia kubisha, nenda kachuchumae chini ya dirisha la mama, utazame, kisha uniambie: ni majani au ni samaki?

Mdogo wako,
Hawa