Land Rover ya Baba na Mark II ya Baba Mdogo

Bombambili, Songea

Kaka Pankrasi,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima huko Mbeya. Sisi hatujambo, ila mvua ndiyo haitupumzishi. Mgongo wa mama umepungua kuuma na anakusalimu sana.

Ulinishauri niuze Land Rover ya marehemu baba, ninunue gari la kueleweka kama la baba mdogo Tadei. Ngoja kwanza nikueleze ya Maposeni.

Ni kweli, Land Rover ni ya mwaka sabini na nane na kelele zake zinaamsha mtaa mzima. Mark II yake ni ya elfu mbili na tatu, ina kiyoyozi na viti laini. Viti hivyohivyo ndivyo tulivyonyimwa. Mama alipozidiwa mwezi wa pili, nilimpigia baba mdogo magoti atupeleke hospitali, akasema mgonjwa atamtapikia viti. Mama akalazwa kwenye godoro nyuma ya Land Rover, akijigonga kwenye bati kila tulipokanyaga shimo. Wewe umeshasamehe. Mimi sijasamehe.

Jumamosi iliyopita tulipeleka posa ya mwanawe Raphael huko kijijini Maposeni. Baba mdogo alitaka kusema mwenyewe mbele ya wakwe, na wiki nzima alitamba mjini. Wazee wakapanda Mark II, mimi nikaambiwa nibebe wanawake, mbuzi na ndoo za pombe ya komoni.

Karibu na mashamba ya mahindi Mark II ikakalia tumbo kwenye tope. Mimi nikapita pembeni polepole. Wazee wakahamia kwangu, viatu mkononi. Baba mdogo akaniuliza kama nina kamba ya kuvutia, nikamwambia sina. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba gari likiachwa pale, litakutwa halina vioo.

"Nendeni," akasema. "Mimi nabaki na gari langu."

Alichagua vioo, kaka.

Wakwe walikataa kungoja, maana kwao posa haipokelewi jua likishazama. Akasimama Hironimus, mjomba wake Raphael, yule ambaye baba mdogo humwita mlevi mbele za watu. Alisema vizuri mpaka kina mama wakapiga vigelegele, na posa ikapokelewa kwa jina lake. Baba mdogo alivutwa na trekta jioni, tope mpaka kwenye tai. Tangu hapo hajaonekana hata kanisani.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata mama halijui. Kamba nilikuwa nayo, chini ya kiti nilichokalia. Nilimtazama machoni nikasema sina, na moyo wangu ukatulia. Sijaenda kuungama, wala sina haraka.

Mama, kwa huruma yake, anamsikitikia sana shemeji yake. Jana kanituma sokoni ninunue kamba ili aibu ile isijirudie. Nimenunua. Kwa hiyo sasa ninazo mbili, na siku baba mdogo akikwama tena, sitakuwa na hata moja.

Land Rover siiuzi. Wabusu watoto, na wifi mwambie unga wake nitautuma kwa basi.

Ni mimi mdogo wako,
Oliva