Kiti cha Kwenda Nacho Hirbadaw

Jumamosi, Endasak. Baridi kali, mlima umejifunika mawingu, na magoti yangu yalijua hata kabla sijafungua dirisha. Lakini leo nina nguvu ya kuandika ukweli.

Mwaka mzima nimeacha kwenda kwa watu kwa sababu ya choo.

Basi, nimesema. Mwalimu mstaafu, mtu mzima, nimekimbia harusi na ubatizo kwa kuogopa choo cha kuchuchumaa. Magoti yamesagika. Nikishachuchumaa siinuki mpaka nishikwe mkono, na nani anataka kushikwa mkono kule? Nyumbani nina choo cha kukaa. Kwa wenzangu nilisingizia mafua, mvua, ng'ombe anayekaribia kuzaa. Wakasema Mwalimu siku hizi anaringa.

Kibaya zaidi ni Mama Elibariki wa Hirbadaw. Tulifundisha naye shule moja miaka mingi. Alipofiwa na mumewe sikwenda kulala msibani, nikapiga simu ya pole tu. Hakunitafuta tena. Mimi nikaanza kulala mchana, uso ukutani, chakula hakipiti. Kuna asubuhi niliona heri nisingeamka.

Mwezi uliopita daktari alinikunja goti, akalikunjua, kisha akauliza mara ya mwisho nilifurahi lini. Nikalia pale pale. Akasema hiyo ni sonona na inatibika. Maumivu yamenifungia ndani, na kukaa ndani kunazidisha maumivu. Akanipa dawa, mazoezi ya mapaja, na akaniagiza nitoke nikaone watu.

Nitoke niende wapi, na vyoo vile?

Nikaenda kwa seremala. Nikamwagiza kiti imara chenye mikono, na pale pa kukalia atoboe tundu. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Akachukua futi kamba, akapima.

Leo nimekifunga nyuma ya bodaboda, soko zima linaona. Walioniuliza niliwajibu: cha chooni. Wakacheka kidogo, wakarudi kwenye vitunguu vyao. Aibu niliyoibeba mwaka mzima iliisha kabla hatujafika barabarani.

Mama Elibariki alinikaribisha kwa adabu, bila tabasamu. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, mkono juu ya kiti.

"Mwalimu, mimi nilifikiri nimekukosea kitu," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko goti. Nikamwomba msamaha. Tukamlilia mumewe pamoja, kwa kuchelewa, halafu nikanywa chai vikombe vitatu bila hofu.

Jioni nikataka kukifunga kiti kwenye pikipiki. Akaushika mkono mmoja wa kiti, akakivuta kwake.

"Hiki kinabaki. Kwa wengine tafuta kingine."

Goti bado linauma. Jumatatu namrudia seremala.