Aliyeniuliza Jina la Mwanangu

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Msimbazi hatujambo. Shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza kama utafute mtaalamu mwingine wa hiyo sonona, maana wa kwanza hakukuelewa. Tafuta, mama. Enzi za Ujamaa, nilipofiwa na mwanangu wa kwanza, nilikuwa nalia huku nikipima sukari duka la ushirika, Kariakoo. Muuguzi mmoja akaniambia, “Jikaze, utazaa mwingine.” Sikurudi kwake. Dada yangu akanipeleka kwa muuguzi mwingine. Huyo akauliza, “Mtoto alikuwa anaitwa nani?”

“Hamisi,” nikasema. Tangu mazishi sikuwa nimelitamka.

Nikawa naenda kwake kila wiki, tunaongea. Huzuni haikuisha, lakini taratibu nikaanza kula, nikacheka tena. Ndipo nikapata moyo wa kumzaa baba yako.

Bibi yako anayekuombea,
Mwanaidi