Watani wa Rosalina

Jumatatu, 7 Agosti 1972
Bombani alfajiri. Nimewagombeza wanaoruka foleni, nimerudi na ndoo yangu, nimekaa kwenye cherehani kungoja vitumbua. Havikuja. Rosalina hana kawaida ya kukosa. Nikaenda chumbani kwake. Jirani wakasema homa imempanda usiku, wamempeleka hospitali. Saa nne habari ikaja. Amefariki.

Nina hasira, na sijui nimemkasirikia nani. Amekimbia vita Msumbiji, amevuka Ruvuma na mama yake, amefika mpaka Temeke. Halafu homa.

Jumanne, 8 Agosti
Mama yake yuko Newala. Hajui lolote. Hospitali wamempiga dawa maiti asiharibike, lakini ikifika Jumamosi hajachukuliwa, serikali itamzika na wale wasio na wenyewe. Nikasema mwenyewe yupo, ni mimi, balozi wa nyumba kumi.

Karani akataka kibali cha mkimbizi kusafiri nje ya Dar. Nikamuuliza kama anaogopa marehemu atatoroka. Akagonga mhuri.

Mzee Anselmo, mchonga vinyago, mkimbizi mwenzake, anatengeneza jeneza bure. Lori la Saidi linakwenda Newala Ijumaa. Saidi anataka hela ya petroli mkononi kwanza. Simlaumu, lori si lake.

Jumatano, 9 Agosti
Nimevaa gauni la mkutano, nimepita nyumba kwa nyumba na bahasha. Pole nyingi, hela kiduchu. Si ana watu wake? Si wana kambi yao? Hivyo ndivyo walivyoniambia, watu waliokula vitumbua vyake kila siku. Nilichopata hakimfikishi hata Kibiti.

Nimeuonea aibu mtaa wangu. Sijala.

Alhamisi, 10 Agosti
Mwanaidi! Jirani yangu, Mzaramo. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na tumetukanana miaka yote bila kununiana. Lakini leo nilitaka kumpiga kweli.

Asubuhi ametoka na khanga za Rosalina, chuma cha vitumbua kichwani, anachechemea vilevile kama marehemu, ananadi kwa lafudhi yake. Nikamkimbilia nimvue zile khanga. Nikamwambia utani ni wa makabila yanayojuana, Rosalina hana mtani hapa, unamdhihaki mgeni wa watu. Akanijibu mbele ya kadamnasi: "Mama balozi, kila anayefia Temeke hii hutaniwa msibani. Huyu aondoke kimyakimya, kakosa nini? Kuanzia leo mie ndiye mtani wake."

Nikaziachia zile khanga.

Akaenda mlango kwa mlango. "Ulikula vitumbua vyangu kwa mkopo! Nimelala kwenye baridi mochwari, lipa nikamwone mama!" Watu wakacheka. Halafu wakaanza kulia, halafu wakaingia ndani kutafuta hela. Fundi baiskeli akakana. Mwanaidi akalala kizingitini pake, miguu juu ya spana zake, akagoma kuinuka mpaka alipwe. Akalipwa. Hata wasiodaiwa walikiri deni. Wale wale wa jana.

Nikarudi nyumbani, nikavua gauni la mkutano, nikajifunga kaniki, nikashika sinia la kukusanyia hela nyuma yake. Nikamtukana marehemu kwa sauti, kwamba vitumbua vyake vilikuwa vigumu kama kokoto. Uongo mtupu. Nimelia huku natukana.

Jioni nimempa Saidi hela yake yote. Imebaki hata ya kivuko cha Rufiji.

Ijumaa, 11 Agosti
Ameondoka. Mwanaidi na wanawake wa bombani walijilaza mbele ya lori, hawataki limpeleke bila ushuru. Saidi akatoa mfukoni mwake, akicheka, akifuta macho. Mzee Anselmo amepanda nyuma, amekaa karibu na jeneza.

Vigelegele mpaka lori likapotea. Najivunia mtaa huu. Naandika tena, najivunia.

Jumatano, 23 Agosti
Saidi amerudi. Amepita kunisalimu kabla ya kupakua mzigo.

Anasema mama yake Rosalina alipokea jeneza macho makavu. Aliuliza jambo moja tu, kama huko mjini mwanawe alikuwa na watu. Mzee Anselmo akamweleza habari za Mwanaidi, kuchechemea, chuma kichwani, kulala kizingitini. Hapo ndipo mama alipocheka, na kulia. Akasema, basi mwanangu hakufia ugenini.

Chuma cha vitumbua kimebaki kwa Mwanaidi. Haki ya mtani, hakuna wa kumdai. Leo ameanza kupika. Vimeungua. Nimekula viwili.