Tulipompeleka Baba Kituoni

Mama Mdogo, shikamoo.

Sisi tunajikongoja. Sketi yangu ya shule imekuwa fupi, Mama ameikunjua pindo.

Nilipata kituo cha kutibu ulevi, nyuma tu ya soko. Baba alikubali, hata akanyoa ndevu, mikono ikimtetemeka. Kumbe jirani yetu ndiye anayepiga deki pale mapokezi! Nesi akauliza, "Mzee anasumbuliwa na nini?" Mama akamtazama jirani, akajibu haraka, "Presha tu."

"Basi mmekosea mlango, hospitali iko ng'ambo ya barabara."

Baba akacheka kidogo. "Umesikia, mama watoto? Si hapa." Akatoka, akaelekea kilabuni. Hajarudi.

Nimeuliza, kituo bado kitampokea. Njoo umtafute, Mama Mdogo. Mimi sauti hainitoki, na Mama anawaambia watu Baba amesafiri.

Mwanao, kitinda mimba.