Tambi Ulizokuwa Ukiziosha

Baba Neema,

Nimekukasirikia, na sina wa kumwambia ila wewe mwenyewe.

Zile tambi zako za Kijapani za kuchovya zimenitesa. Miaka yote nilisimama mlangoni pa jiko letu hili lisiloenea watu wawili, nikikutazama na kukucheka. Nikikuuliza unatia dagaa kiasi gani, unajibu, "Tia mpaka ukubali." Nikubali nini sasa? Mara ya kwanza sikuwatoa dagaa vichwa, mchuzi ukawa mchungu kama klorokwini. Mara ya pili niliichemsha mifupa ya nguruwe kwa moto wa huruma, nikapata supu ya mgonjwa badala ya kile kitu chako kizito. Najua presha haikukupa nafasi ya kuaga. Lakini hata kipimo cha dagaa, jamani?

Nilikuwa na sababu ya kutaka zitoke vizuri. Amosi, mdogo wako, amekuja. Ukoo umemtuma apakie kontena la mwisho la jinzi, afunge nyumba, kisha anirudishe Mwanza. Tiketi yangu kaja nayo mfukoni. Nikasema, kabla hatujagombana, ale kwanza chakula ulichokipenda, aone kwamba hapa Guangzhou tulikuwa na maisha, hatukuwa tunalala tu kusubiri mizigo.

Jana tulipotoka ibadani nikapika. Safari hii mchuzi ulikubali! Mzito, unanukia dagaa waliokaangwa, na soya, na siki kwa mbali. Tambi nikazichemsha, nikazisugua kwa maji ya bomba na barafu mpaka vidole vikafa ganzi, kama ulivyokuwa ukifanya huku nakukemea kwamba chakula kilichoiva hakioshwi. Nikamwandalia: tambi baridi kwenye sahani, mchuzi wa moto kwenye bakuli.

Akazigusa kwa kidole. "Shemeji, ndiyo unanipa kiporo?"

Kiporo! Mimi! Kabla sijafungua mdomo ameshaziingiza kwenye microwave. Zikatoka zimegandamana, akazimwagia mchuzi wote juu kama anakula wali. Chumvi ikamkaba. Akanywa maji, akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma iliniudhi kuliko kiporo. Nilijua anawaza nini: huyu mama amechanganyikiwa, nirudi naye upesi.

Nikamnyang'anya sahani. Nikavuta tambi zangu, nikachovya ncha tu, nikala huku namkazia macho. Nikachovya tena. Akasema hivyo ndivyo ulivyokuwa ukichovya tonge utotoni, ncha tu, ili mboga iwatoshe wadogo zako. Hukuwahi kuniambia. Nikageuka nikuulize, nikageuka kabisa kwenye kiti chako, na swali mdomoni. Basi nikalia, kwa hasira, mbele ya shemeji, bila hata kitambaa.

Na yeye akala, akichovya. Mwishoni nikaongeza maji ya moto ya mifupa kwenye mchuzi uliobaki, kama ulivyokuwa ukifanya, akanywa wote. Lakini alipomaliza kufuta mdomo alisema vilevile, "Tiketi ni ya Alhamisi, shemeji." Nilidhani chakula kitanisemea. Wapi! Ikabidi niseme mwenyewe: aende salama, kontena nitalisimamia mimi mpaka lipakiwe bandarini Huangpu, na nyumba haifungwi.

Amekasirika. Amempigia simu mama yako, na mama yako hajanipigia. Neema wetu kule chuoni ndiye pekee aliyesema, "Mama, fanya unavyoona." Naona nini mimi? Naogopa, Baba Neema. Naogopa sana, na wewe uliyekuwa ukinipa moyo ndiye uliyeniingiza katika haya.

Lala salama, mume wangu. Ninakuahidi jambo moja tu, maana mengine siyawezi bado. Yule laobani, tajiri mwenye karakana ya jinzi kule Xintang, kila nikiingia ananiuliza bosi yuko wapi, nami kila mara namjibu kwamba umesafiri. Kesho nitakwenda nimwambie kwamba umekufa, na oda aandike kwa jina langu.

Mkeo,
Mama Neema